Fundi anasema ukiaktiveti Windows kihalali Microsoft wanaona mafaili yako yote, ni kweli?

Dada yangu wa Morogoro mwenye stationery, swali lako nimelisoma lote, kwa faida ya wengine nalifupisha hivi. Umepata laptopu ya mtumba na umelipa nusu ya hela, umeitafuta kwa sababu kompyuta yako ya zamani ya dukani bado ina Windows 10 ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi anakuinstolia Windows 11, ukamuona anabofya Next, Next, Accept bila kusoma, ulipomuuliza akakwambia hizo hazina shida, chenye shida ni kuaktiveti kihalali (yaani kompyuta kuwathibitishia Microsoft kwamba leseni yake ni halali) maana hapo ndo Microsoft wanaingia kukagua mafaili yote, kwa hiyo yeye atakuwekea aktiveta yake, yaani programu ya kuidanganya Windows kwamba ina leseni, ukae kwa amani. Na wewe una skani za NIDA na vyeti vya watu humo ndani, unataka kujua nini hasa kinachukuliwa na nani anakichukua.

Fundi kageuza mambo kichwa chini miguu juu. Kuaktiveti ndo hatua inayochukua kidogo kuliko zote, zile skrini alizozipita mbio ndo zenye mambo, na hiyo aktiveta yake mimi naiogopa kuliko nnavyowaogopa Microsoft.

Tuanze na kuaktiveti. Microsoft walilazimisha watu wa kawaida kuaktiveti kwenye Windows XP mwaka 2001, na kelele za wakati ule zilikuwa hizihizi za fundi wako, watu wanasema tunachunguzwa. Kuna kampuni ya Berlin inaitwa Fully Licensed ikaichambua ile namba ambayo kompyuta ilikuwa inaituma, Julai 2001 wakatangaza walichokuta. Ilikuwa ni alama ya vifaa kama kumi hivi, prosesa, hadidiski, kadi ya mtandao, ukubwa wa RAM na vinginevyo, na kila kifaa kilikuwa kimepondwa kimahesabu mpaka kinabaki kinamba kidogo ambacho huwezi kukirudisha ujue kilikuwa kifaa gani. Kadi ya mtandao kwa mfano, ambayo namba yake halisi ni ya pekee duniani, ilibakizwa na nafasi kama elfu moja tu, maana yake kompyuta kibao zinaangukia namba ileile. Lengo lilikuwa kujua kama leseni moja imetumika kwenye mashine nyingi, basi. Mafaili hayakuwemo.

Sasa hivi mambo yamepanuka kidogo, nisikudanganye. Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 alama ya mashine yako inahifadhiwa kwenye seva za Microsoft, ili siku ukiinstoo upya iseme "ah, huyu namjua" na kujiaktiveti yenyewe, na kitu kikubwa kwenye hiyo alama ni mazabodi, ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta, ndo maana ukibadilisha mazabodi leseni inaweza kukukataa. Pamoja na hiyo alama inaenda namba ya leseni, toleo la Windows, lugha, na bila shaka anwani yako ya intaneti inaonekana, kama inavyoonekana kwenye saiti yoyote unayofungua. Kwa hiyo wanaweza kujua kwamba mashine fulani iko hewani na iko upande gani wa dunia. Skani ya cheti cha mteja haimo humo.

Halafu kuna kitu fundi hajakwambia, au hajui. Laptopu za kampuni kama HP, Dell na Lenovo tangu enzi ya Windows 8, mwaka 2012, mara nyingi zinakuja na namba ya leseni imechomwa ndani ya mazabodi kutoka kiwandani. Hata ikifutwa mara mia namba iko palepale. Kama hiyo yako ilizaliwa na Windows 10, uwezekano mkubwa ni kwamba ukiinstoo Windows 11 ya aina ileile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ukiunga intaneti inajiaktiveti bure bila mtu kugusa kitu. Yaani unaweza kuwa unataka kulipia kraki, ndo hiyo aktiveta, kwenye mashine ambayo leseni yake ilishalipiwa zamani. Na hata isipokuwa nayo, Windows isiyoaktivetiwa haizimiki, inakuwekea maandishi kwenye kona ya skrini na kukunyima kubadilisha picha ya nyuma na rangi, lakini unaprinti, unaskani na apdeti za usalama zinakuja. Sisemi ndo ukae hivyo milele, nasema tu usiharakishwe.

Aktiveta sasa. Hizi nyingi zinaigiza mfumo halali unaoitwa KMS ambao ni wa maofisi makubwa na vyuo, ofisi inakuwa na seva yake, kompyuta za ndani zinaomba uhalali kwenye hiyo seva, uhalali unadumu siku 180 na kujihuisha wenyewe, na seva haianzi kuzikubali kompyuta mpaka zifike 25. Aktiveta inachofanya ni kujifanya hiyo seva humohumo ndani ya laptopu yako. Sasa fikiria inahitaji nini ili ifanye hivyo: ruhusa ya juu kabisa ya mashine, na karibu zote zinakwambia uzime antivairasi kwanza. Mtu asiyejulikana kakutengenezea programu, unampa ufunguo wa nyumba nzima, na mlinzi unamwambia akalale. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi vifurushi vya KMSPico, ambayo kwa mafundi wetu ni jina la kila siku, vilivyokuwa vinakuja na mdudu anaitwa CryptBot. Huyu anazoa paswedi ulizohifadhi kwenye brauza, anazoa waleti za sarafu za kidijitali, na anatuma. Aktiveta yenyewe ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, Windows inasema iko sawa, mteja anashukuru, huku mambo yanaondoka.

Na wewe kwenye brauza ya dukani una nini? Mtu anakuja umuombee mkopo wa HESLB, mwingine anataka TIN, mwingine anaomba kazi Ajira Portal, unaingia kwa paswedi yake, Chrome inauliza "nihifadhi?" unabofya ndiyo maana foleni imejaa. Baada ya mwaka una paswedi za nusu ya mtaa. Hapo mwizi akiingia hana haja ya kusumbuka na mafaili.

Kichekesho ni kwamba aktiveta haizuii hata chembe moja ya taarifa kwenda Microsoft. Zinazoenda zinaendelea kwenda vilevile. Umebaki unaangaliwa na wawili badala ya mmoja.

Kuhakikisha kama umeshawekewa ni rahisi, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) uandike slmgr /xpr kisha Enter. Kitatokea kiboksi kidogo, kikisema "The machine is permanently activated" ujue leseni ni ya kudumu. Kikisema "Volume activation will expire" na tarehe mbele, hiyo ni KMS, na kwa laptopu ya stationery ambayo haina ofisi kubwa nyuma yake maana yake ni moja, umewekewa aktiveta. (Zipo kraki za aina nyingine zinazotoa jibu la kudumu vilevile, kwa hiyo jibu zuri peke yake lisikulaze usingizi, muulize fundi kwa mdomo katumia nini.) Ukikuta KMS, kufuta aktiveta hakutoshi, mashine ioshwe yote na kuinstoo upya.

Haya, zile Next Next. Hapa ndo nataka utulie kidogo.

Ya kwanza ni akaunti. Windows 11 Home tangu ilipotoka Oktoba 2021 inakudai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuinstoo, na Pro nayo ikafuata kwa matumizi binafsi toleo la 22H2. Njia za kukwepa zipo ila wanazipunguza moja moja, ile komandi ya BYPASSNRO ambayo mafundi wameizoea walianza kuiondoa kwenye matoleo ya majaribio mwaka 2025. Ukiwa na Pro bado unaweza kuchagua ni mashine ya kazi au shule, ukaingia "Sign-in options", ukachagua "Domain join instead" ukatengeneza akaunti ya kawaida ya humohumo kwenye mashine. Na kuna programu ya bure inaitwa Rufus ya kutengenezea fleshi ya kuinstolia, yenyewe inakuuliza kabisa kama uondolewe lazima ya akaunti na kama maswali ya ukusanyaji data yajibiwe hapana.

Tofauti ni kubwa. Ukiwa na akaunti ya ndani, Microsoft wanajua kuna mashine fulani. Ukiingia kwa akaunti yao wanajua mashine fulani ni ya fulani mwenye imeli fulani na simu fulani, na kila kinachotumwa baadaye kinaweza kuwekwa kwenye jina.

Lakini baya kuliko hilo kwa mazingira yetu ni akaunti ya fundi. Mteja hana imeli, au kasahau paswedi, fundi ana wateja wengine wanasubiri, anaingiza imeli yake mwenyewe ili skrini ipite. Anakukabidhi laptopu inafanya kazi safi. Unajua kilichotokea? Laptopu nyingi za siku hizi zikiingizwa akaunti ya Microsoft zinafunga diski yake kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, zenyewe kimyakimya, na ile namba ndefu ya tarakimu 48 ya kufungulia inatumwa kwenye akaunti iliyoingia. Kwa toleo la 24H2 la mwaka 2024 mashine zinazofanyiwa hivyo zimekuwa nyingi zaidi. Siku moja apdeti ya BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayowasha mashine) inapita, mashine inawaka na skrini ya bluu inaomba namba, na namba iko kwa fundi, ambaye labda kashahamia Makambako na laini kabadilisha. Kazi zako zote ziko humo ndani hujui pa kuanzia. Juu ya hapo OneDrive, ambayo kwenye kuinstoo huwa inataka kupeleka Desktop, Documents na Pictures kwenye hifadhi ya mtandaoni ya mwenye akaunti. Skani za NIDA unaziweka wapi? Desktop, si ndo mnavyofanya wote. Zinapanda kwa fundi, mpaka zile GB 5 za bure zijae ndo zinakoma. Na mtu wa watu wala hajakusudia kuiba chochote.

Kwa hiyo nenda Settings, halafu Accounts, angalia imeli iliyoandikwa pale ni ya nani. Ikiwa siyo yako usikubali kuchukua mashine mpaka aitoe.

Baada ya akaunti ndo inakuja skrini ya faragha yenye swichi sita: mahali ulipo, kutafuta kifaa kikipotea, data za uchunguzi, uandishi na uchapaji wako, mambo yanayolengwa kwako, na namba ya matangazo. Zinakuja zimewashwa, na unaona chache tu kwa mara moja, mpaka ushushe, kitufe kikubwa kinasema Next, ukibofya zinashuka nyingine kisha kinageuka Accept, ndo maana fundi akibofya haraka anakuwa kakubali vitu ambavyo havijaonekana hata kwa macho. Za namba ya matangazo, mambo ya kulengwa na uchapaji zima, huna unachopoteza. Mahali ulipo zima, laptopu ya dukani haiendi popote. Kutafuta kifaa ni uamuzi wako, ila inataka akaunti ya Microsoft na mahali pawe pamewashwa.

Ile ya data za uchunguzi ndo ya kuielewa vizuri. Ina ngazi mbili. Ya lazima huwezi kuizima kwenye Home wala Pro, ni Enterprise na Education, matoleo ya makampuni na mashule, tu ndo wana ruhusa hiyo. Hii inabeba aina ya mashine, vifaa vyake, madraiva, programu zilizopo, apdeti imepita au imegoma, nini kimekwama. Ya hiari ndo inaongeza saiti unazotembelea kwenye Edge, brauza ya Microsoft, programu unazitumiaje, na ripoti nzito za hitilafu. Hizo ripoti nzito ndo zingenifanya mimi nizime kama ningekuwa na duka lako, kwa sababu programu ikianguka inaweza kuchukuliwa picha ya kilichokuwa kwenye kumbukumbu wakati ule, na Microsoft wenyewe wanasema wazi kwamba humo panaweza kuingia bila kukusudia vipande vya faili ulilokuwa unalifanyia kazi. Word ikianguka umefungua wasifu wa mtu au hati ya kiwanja, umeelewa. Kwa hiyo pale chagua ya lazima peke yake.

Kama mashine imeshainstoliwa hujachelewa, hizi zote ziko Settings, Privacy & security, nyingi chini ya General (kwenye matoleo mapya inaitwa Recommendations & offers) na Diagnostics & feedback. Hapo kwenye Diagnostics kuna kitufe cha kufuta data za uchunguzi zilizokwishatumwa kuhusu kifaa chako, na kuna kitazamio unachoweza kukiwasha ukaona kwa macho yako kinachotumwa, ila kinakula mpaka GB 1 ya diski. Kifungue hata siku moja. Utakuta mistari mingi ya kuchosha, majina ya draiva, namba za matoleo, na pengine hofu itapungua, pengine itaongezeka, ila utakuwa umeona mwenyewe badala ya kusikia kwa fundi au kwangu.

Na wala hivi vitufe havikuja kwa huruma ya mtu. Windows 10 ilipotoka kulikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha setingi za haraka, ukibofya umekubali karibu kila kitu. Mwaka 2016 mamlaka ya faragha ya Ufaransa, CNIL, iliwaandikia Microsoft hadharani kwamba wanakusanya kupita kiasi na namba ya matangazo inawashwa bila kumuuliza mtu. Mwaka 2017 zikaja skrini mpya zenye swichi moja moja, CNIL ikafunga shauri, na Oktoba mwaka huohuo mamlaka ya faragha ya Uholanzi nayo ikasema bado watu hawaelezwi vya kutosha. Kitazamio kikaja 2018. Kila swichi unayoiona pale nyuma yake kuna mzungumzo wa namna hiyo, na fundi anaipita kwa sekunde mbili.

Kwa upande wetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kazi Mei 2023, na ina Tume yake. Ila angalia vizuri, dada, kwenye sheria hiyo wewe hapo dukani ndo mkusanyaji wa taarifa za watu. Skani za NIDA za wateja zikivuja kwa sababu ya kraki, wa kuulizwa kwanza si Microsoft. Mimi ningefuta skani mteja akishachukua karatasi zake, na ile ya Chrome kuhifadhi paswedi za wateja ningeizima leo.

Kuna watu watakushauri udaunlodi script, yaani faili za amri zinazojiendesha, za kuua kila kinachotuma data. Nyingine ni nzuri zimeandikwa na watu makini, ila zinagusa mambo ya ndani sana, apdeti inaweza kugoma, printa inaweza kugoma, na siku hiyo utarudi kwa yuleyule fundi. Ukizuia seva za Microsoft kwenye faili la hosts (orodha ya anwani iliyo ndani ya Windows) hata Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inaweza kupiga kelele kwamba ni shambulio. Kwa duka, swichi zinatosha. La bando ni jingine, mashine mpya ikiunganishwa tu inaanza kushusha apdeti kwa fujo, kwa hiyo kwenye Wi-Fi ya simu yako washa "Metered connection" mapema.

Diski kama ilishafungwa kwa akaunti ya fundi, usiishie kuitoa akaunti tu, maana namba ya zamani bado anayo. Ingia Settings, Privacy & security, Device encryption, zima, subiri mpaka imalize kufungua diski yote, inaweza kuchukua muda mrefu. Ingia kwa akaunti yako, kisha iwashe tena, itatengeneza namba mpya na kuituma kwako. Iandike kwenye karatasi ukaiweke nyumbani.

Kwa kuwa hela hujamalizia, kuna jambo moja la kufanya kabla. Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa za makampuni ya nje, na kampuni inaweza kuwa iliisajili alama ya mashine kwenye mfumo wa Microsoft unaoitwa Autopilot. Mashine kama hiyo ukiifuta na kuinstoo upya, ikigusa intaneti tu kwenye skrini za mwanzo inatambuliwa, na badala ya kukuuliza akaunti yako inakukaribisha kwa jina la kampuni na kudai imeli ya mfanyakazi wao. Mafundi wanaipitisha kwa kuinstoo bila intaneti, inaonekana nzima, ila usajili uko palepale unasubiri siku ya kuinstoo tena. Mwambie fundi aianze upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa intaneti tangu skrini ya kwanza. Likitokea jina la kampuni, mrudishie muuzaji mashine yake na udai hela yako.